Magadi Kwenye Mlenda

Mguu wa yule mzee ulikuwa umelazwa kwenye kisomaji tangu saa mbili na robo asubuhi, na mpaka hapo Basilisa Mkumbo hakuwa na kinyongo naye hata kidogo. Alimwona ni mgonjwa wa figo kama wagonjwa wote wa figo waliowahi kupita zahanati ya Kinandera: uso umevimba, vifundo vya miguu vimejaa maji, pumzi ina harufu ya mkojo. Kwenye kadi alijiandikisha Petro Shila, mstaafu, mkazi wa mjini. Aliletwa na dada yake, mama mmoja mrefu wa miaka sabini hivi, amejifunga khanga mbili, amekaa wima kwenye benchi kama yuko kanisani.

"Usitikisike, mzee," Basilisa alimwambia. "Mwanga huu hauumi. Unapita kwenye mfupa wa muundi, unasoma, basi."

"Unasoma nini?"

"Unasoma ulichokula."

Mzee akafumba macho. Basilisa akadhani ni uchovu.

Watu wa mjini wanadhani kazi ya kusoma mifupa ni uganga. Si uganga. Kila kilima chenye mwamba wa fosfeti kina mchanganyiko wake wa madini adimu: seriamu kiasi hiki, lanthani kiasi kile, neodimi chembe mbili tatu. Vilima viwili haviwezi kufanana hata kama vimepakana. Mwamba unasagwa unakuwa mbolea, mbolea inaingia shambani, shamba linaingia kwenye jani, jani linaingia kwa mtu, na mtu akishakula, mfupa hauachi kitu. Nyama husahau. Mfupa una roho mbaya, unaweka kila kitu mpaka kaburini.

Kioo kikaandika: Kilima cha Msingilo. Shimo la nne.

Basilisa akasogea karibu. Shimo la nne lilifungwa miaka kumi na tisa iliyopita. Wagonjwa wa hapa Kinandera mifupa yao huonyesha alama zilizotapakaa mwaka mzima, masika na kiangazi. Huyu alikuwa na mistari myembamba ishirini na miwili, na yote ilikuwa ya kiangazi. Maana yake ni moja tu, na mwanamke yeyote wa huku angeisema bila mashine: mlenda mkavu. Mtu wa mbali, anatumiwa mlenda wa kutwanga kila mwaka baada ya mavuno.

"Mama," akamgeukia yule dada, "nahitaji jina la ndugu wa karibu."

"Yasinta Kitundu, mwanangu. Natoka Isene, ng'ambo ya kilima."

"Ni ndugu wa tumbo moja?"

"Baba mmoja, mama mmoja. Thadei, fumbua macho, dada huyu wa zahanati anakuhudumia wewe unalala!"

Mama Yasinta akajishika mdomo, akatazama sakafu. Petro Shila, ambaye sasa hakuwa Petro wala Shila, akafumbua macho polepole na kumtazama Basilisa, na Basilisa akayajua yale macho ingawa hakuwahi kuyaona. Sahihi yake alikuwa anaijua kuliko sahihi yake mwenyewe. Injinia Thadei Kitundu. Ile T yake ina mkia mrefu.

Ndiyo kwanza ilikuwa saa mbili na nusu.

*

Tuseme ukweli, ile mbolea ilikuwa nzuri. Msingilo ni kilima cha mifupa ya samaki wa ziwa lililokauka zamani sana, na fosfeti yake mahindi yaliipenda. Tabu ilikuwa urani. Mwamba ule ulikuwa nayo, na sheria haikuruhusu kumuuzia mkulima mbolea yenye urani. Kuitoa yote ni kazi ngumu na ndefu. Kampuni ya Rutuba Tele ikaona njia ya mkato: kama huwezi kuitoa, ifunge. Wakatengeneza vijidudu maabara, wakaviita kufuli. Viliwekwa ndani ya mfuko pamoja na mbolea, na kazi yao ilikuwa kuikamata urani na kuigandisha kwenye punje ngumu isiyoyeyuka. Ukiila punje ile inapita tumboni na kutoka kama mbegu ya pera.

Na zilifanya kazi, kufuli hizo. Hilo ndilo linalouma. Nchi saba zilizitumia na hakuna aliyekohoa. Maana kufuli ile ilikuwa inafunguliwa na kitu kimoja tu jikoni, nacho ni magadi. Tia magadi kwenye maji ya moto, punje inayeyuka, urani inakuwa huru, inakwenda moja kwa moja kwenye figo. Wataalamu walilijua hilo. Si wajinga. Ndiyo maana kwenye fomu ya kibali waliweka swali la kumi na saba: Je, wakazi wa eneo hili hutumia magadi katika kupika mboga?

Jibu: Hapana. Sahihi: Inj. T. Kitundu, mzaliwa wa eneo.

Hapana! Kinandera! Mahali ambapo mlenda unajiotea wenyewe katikati ya mahindi, unapenda mbolea kuliko mahindi yenyewe, na mtu akiupika bila magadi mume anauliza kama nyumba ina msiba.

Emiliana alikuwa na miaka tisa. Alikuwa akila mlenda mpaka unamtiririka kwenye viwiko, halafu anainua sahani: mama, ongeza. Basilisa aliongeza. Alichota magadi kwa vidole vyake vitatu, akayatia chunguni kwa mkono wake, akakoroga, akaongeza. Figo za mtoto zilifunga ndani ya siku kumi na moja. Kabla mwaka haujaisha watoto wa Kinandera waliozikwa walifika arobaini na mmoja, na baraza lililotumwa kuchunguza likakaa wiki tatu, likanywa chai, likaandika kwamba kampuni haina hatia kwa kuwa wakazi walitumia zao lao kwa namna isiyotarajiwa. Kwa Kiswahili cha nyumbani: muuaji ni mpishi. Akina mama arobaini na mmoja walisomewa karatasi hiyo wakiwa wamekaa chini, na walioamini walikuwa wengi. Mmoja alijitupa kisimani.

Basilisa hakuamini wala hakukataa. Alikwenda chuo akiwa na miaka thelathini na mbili, akasomea mifupa, akarudi. Alitaka siku moja mtu aseme, kwa mdomo wake, kwamba lilitarajiwa. Kwamba kulikuwa na mtu aliyejua.

*

Dawa ilikuwapo. Msifikirie haikuwapo.

Tiba ya urani siku hizi ni walaji, vijidudu vingine, ndugu wa kufuli, vinawekwa kwenye kichujio kidogo begani kwa mgonjwa. Vinakula urani ndani ya damu. Lakini vinalala fofofo mpaka vipewe tone la madini adimu lenye uwiano uleule wa kilima kilichomdhuru mtu. Ukiwapa tone la kilima kingine hawafumbui hata jicho moja. Ndiyo maana lazima mfupa usomwe kwanza. Tone la Msingilo, shimo la nne, Basilisa alikuwa akilichanganya mwenyewe, na chupa zake zilipangwa kwenye rafu nyuma ya kiti chake. Alikuwa anazifikia bila kuinuka.

Mashine ikasema kwa sauti yake ya upole: "Figo za mgonjwa zitafunga saa nane mchana. Baada ya hapo walaji hawatasaidia."

"Umesikia, Thadei?" Mama Yasinta akainuka. "Saa nane! Mwanangu, mpe basi. Nini tena kinatakiwa?"

"Maelezo," Basilisa akasema.

Zahanati ya Kinandera ilikuwa na desturi yake ambayo huikuti kwingine. Baada ya lile baraza, akina mama walikubaliana kwamba hapa hakuna kuficha chungu. Kila mgonjwa, kabla ya dawa, anasogezwa dirishani, dirisha linafunguliwa, anawaambia walio kwenye foleni nje jina lake, alichokula na kilivyopikwa. Nje wanaitikia, "Tumesikia." Chombo cha wizara kiitwacho Msajili kinarekodi, na maneno yanaingia kwenye daftari la taifa ambalo kila mtu anaweza kulisikiliza. Lakini yalikuwa ni ya takwimu tu. Dawa haikuwa inayasubiri. Watu wangapi walipewa tone wakiwa wamezimia, wakaja kusema wiki ya pili! Basilisa alijua hivyo. Mama Yasinta hakujua.

"Maelezo gani?" Thadei akauliza.

"Jina lako la kweli. Ulichokula. Halafu utawasomea akina mama wale swali la kumi na saba, na utawaambia nani alilijibu, na kama alikuwa anajua."

Mzee akameza mate. "Nimekunywa maji ya bomba," alisema. "Mabomba ya mjini mabovu."

"Mfupa unasema mlenda."

"Basi mfupa unasema uongo."

"Haya," Basilisa akasema, akakaa, akakunja mikono. "Nasubiri."

Alijisikia vizuri. Tusimsafishe. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amemwota mtu huyu amesimama, anacheka, amevaa suti. Hakuwahi kumwota amelala na mguu wake uko kwenye mashine yake. Mwili wake mzima ulipata joto kama mtu aliyetoka mvuani akapewa uji.

*

Saa nne Mama Yasinta akatoka kwenda kumtafutia ndugu yake chochote cha kunywa. Mlango ulipofungwa tu, Thadei akajiinua kwa viwiko.

"Mama Emi," akasema.

"Usiniite hivyo."

"Nayajua majina yao yote. Nimeyakariri, na ya mama zao pia, na lako naliona hapo kifuani." Alihema kidogo. "Washa hicho chombo chako sasa hivi, nitasema kila kitu. Niliandika mimi. Nilijua. Rekodi, halafu ufunge, isisikilizwe mpaka dada yangu afe. Ana miaka sabini na moja na presha juu. Hatakaa sana. Halafu isikie dunia nzima, mchome na sanamu yangu."

"Kwa nini uliandika hapana?"

Basilisa alikuwa amejiandaa kwa jibu lolote: alitishwa, alihongwa, aliahidiwa cheo. Angalau kwa jambo kubwa mtu unajua mwanao ameuawa na jambo kubwa.

"Nilisoma shule ya bweni," Thadei alisema. "Kaskazini. Waliniita Mlenda kwa miaka sita. Wakiniona wanavuta mate hivi, wanatoa ulimi. Nikala kabichi, nikajifunza kula kabichi. Halafu siku ile tumekaa mezani, wakubwa kumi na wawili, wengine wazungu, mwenyekiti anasoma maswali kwa sauti. Akafika la kumi na saba. Akanitazama, akatabasamu, akasema, 'Injinia, ninyi huko bado mnakula yale majani ya kuteleza na chumvi ya ng'ombe?' Wote wakacheka. Nikacheka na mimi. Nikasema hapana, hayo ya zamani. Akaandika, nikatia sahihi."

"Basi?"

"Basi."

"Aibu," Basilisa akasema. "Mwanangu amekufa kwa sababu uliona aibu."

"Sikudhani itafika..."

"Nyamaza!" Akapiga meza mpaka chupa zikagongana rafuni. "Uliona aibu kusema mama yako anapika mlenda! Na jioni yake ukaenda nyumbani ukajifungia ukaupika! Mistari ishirini na miwili, Thadei! Ulikuwa unaficha chungu kama mwizi huku sisi tunachimba makaburi!"

Machozi yalimtoka mzee, lakini hakuyafuta. "Huo wa shambani niliuacha watoto walipoanza kufa. Dada akanitumia wa bondeni kwake. Bonde lile halijawahi kutiwa mbolea, aliniapia. Tukasahau mvua. Kumbe mvua imeteremsha udongo wa mashamba ya juu miaka yote. Yeye mwenyewe hali magadi, daktari alimkataza. Ananifungia mimi. Kifuko cha mlenda, na kifuko kidogo cha magadi ndani yake. Anautwanga mwenyewe. Unaelewa ninachokuambia? Akijua, atakuwa kama..."

"Kama mimi," Basilisa akamalizia.

"Nakuomba. Si kwa ajili yangu. Mimi nastahili chochote."

Basilisa alielewa. Usije ukasema hakuelewa. Alielewa kuliko mtu yeyote aliye hai, maana alikuwa anajua usiku wa kwanza ulivyo, na wa pili, na namna mtu anavyoacha kutumia mkono wake wa kulia kwa mwezi mzima. Alikuwa na uwezo wa kubonyeza kitufe, kumrekodi, kumpa tone, kumwacha yule mama arudi Isene na khanga zake mbili. Kesi ya watoto ingesubiri. Ilikwisha kusubiri miaka kumi na tisa.

Na ndani yake kitu kikasema: mimi nani alinitoa nje kabla ya kunisomea ile karatasi?

"Utasema dirishani," akamwambia. "Dada yako akiwa amekaa pale pale alipokaa. Uliwaficha wenzako kwa kuogopa kuchekwa. Leo huchagui anayesikia."

"Basi nitakufa kimya."

"Kufa."

*

Wakakaa. Saa tano, saa sita. Mama Yasinta alirudi na chupa ya uji, akamnywesha vijiko viwili, mzee akavitapika vyote. Nje foleni ilikuwa imejaa. Dirisha lilikuwa wazi na maneno ya akina mama yaliingia, habari za kuku na za mjukuu aliyefaulu. Basilisa aliwahudumia wengine wanne, akawapa matone yao, mbele ya macho ya yule mama.

Kila mmoja kati ya wale wawili alikuwa na hesabu yake kichwani. Basilisa alikuwa na hakika mzee atavunjika saa saba na nusu. Mtu mwoga mara moja ni mwoga siku zote. Thadei naye, nadhani, alikuwa na hakika mama aliyezika mtoto hawezi kumwangalia mtu afe rafu ikiwa imejaa dawa. Wote wawili walikosea.

Saa saba na nusu ikapita. Pumzi za mzee zikawa ndefu na nzito. Saa nane kasoro dakika kumi mashine ikaonya. Saa nane kasoro tano ikaonya tena. Basilisa alijikuta ameishika chupa mkononi, hakumbuki ameichukua lini. Mpe, akajiambia. Mpe sasa, atasema baadaye. Akaona sahani inainuliwa. Ongeza, mama. Akairudisha chupa rafuni, akaisukuma mpaka ukutani.

"Saa nane," mashine ikasema.

Mama Yasinta akaanguka magotini mbele ya kitanda. "Thadei, mdogo wangu, hayo maelezo ni nini? Kitu gani kigumu hivyo? Umeua? Hata kama umeua sema, mimi ni dada yako! Sema ulichokula upewe dawa! Mimi nitabaki na nani?"

Alikuwa amemshika mashavu. Na yule mzee, ambaye alikuwa ameweza kumtazama Basilisa kwa saa tano na nusu bila kutikisika, hakuweza kumtazama dada yake hata dakika moja.

"Nisogezeni dirishani," akasema.

Basilisa akasukuma kitanda. Taa nyekundu ya Msajili ikawaka. Nje watu wakanyamaza, kama ilivyo desturi.

"Naitwa Thadei Kitundu," akaanza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Sauti," Basilisa akasema.

"Naitwa Thadei Kitundu! Mimi ndiye niliyekuwa injinia wa Rutuba Tele. Fomu iliuliza kama huku tunapika na magadi. Niliandika hapana. Nilikuwa najua tunapika. Nimelelewa na mlenda. Walishanieleza magadi yanafungua kufuli, nilikuwa najua, nikaandika hapana kwa sababu walinicheka." Akavuta pumzi. "Akina mama hamkukosea kitu. Swali liliulizwa. Lilitarajiwa. Mimi ndiye niliyekosea."

Hakuna aliyeitikia. Kwa mara ya kwanza tangu desturi ile ianze, foleni nzima ilikaa kimya. Halafu bibi mmoja kutoka nyuma, kiziwi nusu, ambaye alizika wajukuu wawili, akapaza sauti: "Amesema nini huyo? Aseme tena!"

Wenzake wakamrudia maneno, mmoja sikio hili, mwingine lile. Basilisa akaona uso wa yule bibi unavyobadilika, unafunguka kama mlango uliokwama. Basilisa alikuwa amekingoja kitu hicho kuliko anavyongoja mbingu, na kwa muda wa pumzi mbili kilikuwa kitamu sawasawa na alivyodhani.

"Na ulichokula," akasema. "Maliza."

Thadei akamgeukia, akatikisa kichwa, akimsihi kwa macho tu.

"Ulichokula, na kilikotoka."

"Mlenda," mzee akasema. "Wa bondeni, Isene. Na magadi. Nilikuwa natumiwa kila kiangazi."

*

Basilisa alilitia tone kwenye kichujio begani kwa Thadei saa nane na dakika ishirini na sita. Walaji waliamka wote, wakaanza kula. Mashine iliwaonyesha wakihangaika kwenye damu kama siafu. Lakini figo zilikuwa zimekwisha kufunga, na haikuwapo njia ya kuitoa ile urani nje. Mashine ikasema kwa upole uleule kwamba mgonjwa atafika jioni, labda. Thadei alikuwa ameshapoteza fahamu.

Mama Yasinta hakulia. Alikaa kwenye benchi akiangalia viganja vyake, kwanza kimoja, halafu kingine, halafu vyote viwili kwa pamoja. Basilisa aliyajua yale.

"Ule wa bondeni," mama akasema. "Niliuchuma mwenyewe. Nautwanga usiku kusiwe na vumbi."

"Si wewe, mama," Basilisa akasema. "Ni yeye aliyeandika. Umemsikia. Mpishi hana kosa."

"Nimesikia." Akavitazama tena viganja. "Hii dawa uliyompa sasa hivi umeitoa wapi?"

"Hapo rafuni."

"Asubuhi ilikuwa wapi?"

Basilisa angeweza kusema ilikuwa haijachanganywa. Angesema alikuwa anasubiri maelezo, ndiyo taratibu, na mama wa Isene angejuaje? Lilikuwa neno moja tu la kusema.

"Hapo hapo," akasema.

"Na mfupa ulikuambia saa ngapi ni kilima gani?"

"Saa mbili na nusu."

"Kwa hiyo haya maelezo..."

"Dawa haikuwa inayahitaji. Mimi ndiye niliyeyahitaji."

Mama Yasinta akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayeelekezwa njia na kuhakikisha ameishika vizuri. Nje akina mama walikuwa wameanza kusema wote kwa pamoja, wengine wanalia, mtu anaita jina la mtoto wake kwa sauti kubwa.

"Mimi nilimpa bila kujua," Mama Yasinta akasema. "Wewe umemnyima ukijua."

"Ameniulia mwanangu."

"Najua. Nimesikia, na hao wote nje wamesikia." Akainuka, akavuta benchi mpaka kando ya kitanda, akaushika mkono wa mdogo wake, na bila kugeuka akauliza, si kwa hasira, akiuliza kama mwenye nyumba anavyomuuliza mgeni aliyeacha kula:

"Haya, Basilisa. Umeshiba?"